Karanga Kavu Kwanza: Niliyojifunza Katika Kusaga Karanga Busia

Watu wanaotaka kuanzisha biashara ya chakula hunijia mara nyingi, hapa Busia upande wa Uganda, na karibu wote huuliza maswali mawili: mashine yangu niliinunua wapi, na lebo zangu alizichapisha nani. Ni maswali ya haki, lakini katika miaka yote niliyosaga karanga sijawahi kupata hasara kwa sababu ya lebo, na mashine ndiyo iliyokaribia kunifilisi. Ningependa kuulizwa karanga zenyewe hutoka wapi, zilikaushwa na nani, na fedha za kuzilipia nilizitoa wapi, kwa maana majibu ya hayo matatu ndiyo yaliyoamua biashara yangu iwe na ukubwa gani kila mwaka.

Nilianza mwaka 2016 kwa gunia moja la kilo 50 la karanga zilizokwisha kumenywa, sufuria pana ya kukaangia, na mashine ndogo ya kuzungusha kwa mkono. Nilitengeneza siagi ya karanga isiyotiwa kitu kingine ila chumvi kidogo, jamaa wa karibu na ile odii, rojo ya karanga na ufuta, ya ndugu zetu Waacholi na Walango wa kaskazini mwa Uganda, nikaipakia katika makopo ya gramu 400. Hesabu yangu ilikuwa ya mtu mwenye haraka: kilo 50 ukizigawa kwa gramu 400 unapata makopo 125, gunia nililinunua kwa shilingi 300,000 za Uganda, basi kila kopo lina karanga za shilingi 2,400, ongeza 900 za kopo na kifuniko, na 200 za lebo, jumla 3,500. Nikiuza kwa 5,000, nabaki na 1,500. Niliuza hivyo kwa miezi saba, bidhaa ikitoka vizuri, watu wakinisifu kanisani na sokoni, na kila gunia lilipokwisha ilinibidi nimwombe mume wangu fedha za kununua lingine.

Siku niliyoamua kupima, nilipima kila kitu. Tulimwaga gunia juu ya turubai tukachambua, na punje zilizosinyaa, zilizopasuka na zenye ukungu zikafika kilo 4. Baada ya kukaanga na kupepeta yale maganda membamba mekundu, kilo 4 nyingine zilikuwa zimekwenda na mvuke na upepo, kwa hiyo zilizofika kwenye mashine zilikuwa kilo 42, yaani makopo 105. Mkaa ulikuwa shilingi 12,000. Kina mama wawili waliofanya kazi nami siku mbili walilipwa 60,000. Kusagisha kwa mwenye mashine ya umeme, kwa sababu ile ya mkono ilikuwa imetushinda, 10,000. Na nauli pamoja na kuletewa makopo kutoka Kikuubo, Kampala, 15,000. Ukijumlisha hayo na karanga, makopo na lebo, gharama ilikuwa shilingi 512,500, na mauzo yote ya makopo 105 yalikuwa 525,000. Nilibaki na shilingi 12,500 kwa siku mbili za kusimama juu ya moto, na hapo mwalimu mmoja alikuwa amechukua makopo matatu kwa ahadi ya mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kununua mizani kabla ya kununua kitu kingine chochote, na kuandika daftarini uzito wa karanga katika kila hatua, kwa gunia baada ya gunia, hadi ujue bila kubahatisha ni kiasi gani kinapotea kwako. Usitumie takwimu zangu, kwa kuwa karanga zako na moto wako si vyangu. Nilipokwisha kujua, nilipandisha bei hadi 6,500, nikajiwekea ujira wangu mwenyewe katika hesabu kama ninavyowawekea wale kina mama, na wateja kadhaa wakanikimbia. Walionibakia waliniwezesha kununua gunia lililofuata bila kuomba mtu, jambo ambalo wale wengi hawakuwahi kuniwezesha.

Zile kilo 4 nilizozitenga ndizo zilizonifundisha zaidi kuliko yote. Mwanzoni nilidhani kuchambua ni suala la sura na ladha. Baadaye, katika mafunzo ya siku mbili, nilielezwa habari za sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu wa jamii ya Aspergillus anayestawi karanga zikikaa na unyevu kwenye joto. Sumu yenyewe haionekani kwa macho, kukaanga hakuimalizi, na kuila kwa muda mrefu kunaweza kuleta saratani ya ini, hasa kwa mtu mwenye homa ya ini aina ya B. Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu jumla ya mikrogramu 10 tu kwa kilo moja. Habari njema ni kwamba mara nyingi sumu hujikusanya katika punje chache zilizoharibika, ndiyo maana mikono na macho ya mtu mvumilivu juu ya turubai hufanya kazi kubwa ambayo mashine yangu haiwezi kuifanya.

Nilikuwa nikiwauzia majirani punje mbovu wakalishe kuku. Niliacha nilipofahamu kwamba mwaka 1960 huko Uingereza batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa baada ya kulishwa mashudu ya karanga yenye sumu hiyohiyo, na kwamba ndipo wanasayansi walipoanza kuitafuta na kuitambua. Sasa punje mbovu tunazichoma. Nikiri kwamba bado huniuma kuchoma kitu nilichokilipia, na jirani yangu mmoja anaamini mpaka leo kwamba nina kiburi.

Hata hivyo kuchambua ni kutibu ugonjwa uliokwisha kuingia, nami nilitaka kujua unaingilia wapi. Nilisafiri hadi wilaya ya Kumi, mashariki mwa Uganda, kwa mkulima mmoja mzee ambaye dalali wangu alikuwa akinunua kwake, nikamkuta ameketi chini ya mwembe na wajukuu wanne wakimenya karanga, na pembeni pana beseni la maji. Kila baada ya muda alichota maji kwa kiganja akanyunyizia rundo la karanga. Nilipomwuliza sababu, alinijibu kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Mwanangu, karanga kavu inavunja vidole vya watoto." Hakuwa na nia ya kuniongezea uzito, ingawa wapo wanaofanya hivyo. Alikuwa amezikausha vizuri kwa siku nyingi, kisha akazirudishia unyevu kwa huruma ya wajukuu, na dalali akazifunga katika gunia la plastiki na kuzilaza sakafuni kwa wiki tatu.

Tangu hapo, isipokuwa kipindi kimoja nitakachokieleza, nimenunua karanga zikiwa na maganda yake. Gunia lina ujazo mkubwa na usafiri unakuwa ghali, lakini karanga ikiwa ndani ya ganda hudumu vizuri zaidi, na mimi mwenyewe naweza kuipima: nalitikisa ganda sikioni, na punje ikiwa kavu hugongagonga, naing'ata, na ikiwa kavu hukatika kwa mlio badala ya kukunjika. Kumenya tunakufanya sisi wenyewe kwa mashine ya mkono, kidogo kidogo kadiri tunavyosaga, na maganda yanasaidia mkaa jikoni, hivyo gharama ya mkaa imepungua. Magunia tunayapanga juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta. Yule mzee wa Kumi namlipa zaidi kidogo kuliko dalali alivyokuwa akimlipa, nami nilimpelekea turubai mbili ili asianike juu ya udongo. Wajukuu wake, nadhani, ndio walionufaika kuliko wote.

Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikayaruhusu siku chache baadaye kwa masharti, sisi wa mpakani hatukuhitaji tena kuhubiriwa kwamba ukavu wa nafaka ni suala la kibiashara. Wateja wangu wa ng'ambo ya mpaka walianza kuniuliza karanga zangu zilikaushwaje, na kwa mara ya kwanza nilikuwa na jibu refu kuliko swali.

Sasa nirudi kwenye mashine. Mwishoni mwa 2019 nilikuwa nauza magunia matatu kwa mwezi, sehemu kubwa kwa wazazi wenye watoto katika shule za bweni, kwa kuwa mwanafunzi wa Uganda harudi shule bila kitu cha kupakia mkate na kuzima njaa ya usiku. Nikaona wakati umefika. Nilichukua mkopo katika taasisi moja ya fedha, nikanunua mashine ya umeme yenye uwezo wa kusaga kwa siku moja karanga nilizokuwa nasaga kwa mwezi mzima. Marejesho yalikuwa ya kila wiki. Hapo nilifanya makosa mawili kwa pamoja, na hata bila lililotokea baadaye yangetosha kuniumiza: mashine ilidai karanga ambazo sikuwa na fedha za kuzinunua, kwa sababu fedha zote ziliingia katika mashine, na mkopo ulidai fedha kila Jumatatu katika biashara ambayo huzika fedha zake ghalani mwezi wa nane na kuzifukua taratibu hadi wa kumi na moja. Ili niijaze mashine, nilianza tena kununua kwa madalali karanga zilizomenywa, zile zile nilizokuwa nimeziacha.

Kisha Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona, na kwa wanafunzi wengi hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Wateja wangu wakubwa walitoweka ndani ya wiki moja. Niliuza mashine kwa hasara, nikalipa mkopo, nikarudi kusagisha kwa mtu kama zamani. Simlaumu yeyote kwa janga la dunia nzima, lakini ningekuwa na wateja wa aina tatu badala ya mmoja, na ghala lenye karanga badala ya mashine yenye njaa, ningetikisika bila kuanguka. Mashine niliyo nayo leo ni ndogo kuliko ile, niliinunua kwa fedha taslimu mwaka 2023, na husimama siku tatu kwa wiki. Mashine inayopumzika, ikiwa ni mali yako, haikudai chochote.

Kuhusu maduka makubwa nitasema machache. Duka moja lilichukua makopo 200, likaahidi kulipa baada ya siku 60, likalipa nusu baada ya miezi mitano, kisha likafunga milango. Tangu hapo hakuna mteja mmoja ambaye deni lake linaruhusiwa kuzidi fedha ya gunia moja, hata akija kwa gari zuri.

Kusajili jina la biashara na kutafuta alama ya ubora ya Q ya shirika la viwango la Uganda, UNBS, ni lazima ukitaka kuuza kwa watu wasiokujua, na ushauri wangu ni kuanza mapema kuliko unavyofikiri. Mkaguzi ataangalia sakafu, nyavu za madirisha, maji ya kunawia na kumbukumbu zako, na daftari la mizani nililolisema hapo juu litakuokoa siku hiyo. Kwenye lebo yangu, ya Kiswahili na Kiingereza, niliongeza maneno "koroga kabla ya kula", kwa kuwa siagi ya karanga isiyotiwa vigandishi hutenga mafuta yakapanda juu, na makopo kadhaa yalikuwa yamerudishwa kwangu na watu walioamini kwamba imeharibika.

Linalobaki ni mtaji wa msimu. Mavuno yetu ya kwanza huingia sokoni kati ya mwezi wa saba na wa nane, na wakati huo bei huwa chini kwa sababu wakulima wanahitaji karo. Miezi michache baadaye hupanda. Anayeweza kununua kwa fedha taslimu katika wiki zile chache ndiye anayesaga kwa amani mwaka mzima. Sisi wanawake kumi na wawili tuna kikundi cha kuweka na kukopa, nasi tulikubaliana kwamba mgao wetu wa mwaka ufanyike mwezi wa saba badala ya Desemba, ili fedha zitufikie mavuno yanapofika. Wenzetu walifikiri tumechanganyikiwa, kugawana fedha bila Krismasi. Wawili kati yetu wamepata pia zile shilingi milioni 1 za PDM, mpango wa serikali ya Uganda wa kukopesha wananchi, ambazo kwa bei niliyoanzia ni magunia matatu na sehemu ya la nne. Walizitumia kununua karanga, na mpaka sasa wanarejesha bila taabu.

Msimu uliopita chaga zangu zilibeba magunia kumi na manne ya karanga zenye maganda, kavu, nilizozitikisa kwa mkono wangu. Mfanyabiashara mmoja kutoka Kisumu alikuja mwezi wa tisa akitaka makopo mengi kuliko yale ambayo magunia hayo yangetoa, akiwa tayari kulipa nusu kabla. Nilimwonyesha ghala, tukahesabu pamoja, nikamwuzia kiasi ambacho hakingewakosesha wateja wangu wa kila wiki, nikamwomba arudi Januari, mavuno ya pili yakishakauka. Alicheka, akaandika tarehe kwenye simu yake, na tarehe hiyohiyo nikaiandika katika daftari la mizani.