Skolashipu za nje: tengeneza faili kabla ya kutafuta matangazo

Kila inapokaribia Septemba, magrupu ya WhatsApp ya wahitimu wa Dodoma hujaa viungo vya skolashipu. Mtu anasambaza vitano kwa siku, na hajasoma hata kimoja hadi mwisho. Dirisha likibakiza wiki moja kufungwa ndipo anabaini kuwa pasipoti hana, cheti cha kuzaliwa kina jina ambalo kwenye cheti cha kidato cha nne halimo, na mhadhiri aliyemtegemea kwa barua yuko likizo. Matangazo yapo tele, na mengi hurudi kila mwaka karibu na tarehe zilezile. Wanaokosa, wengi hukwama kwenye faili kabla sifa zao hazijasomwa na yeyote.

Anza na majina. Tandaza mezani cheti cha kuzaliwa, vyeti vya NECTA vya kidato cha nne na cha sita, cheti cha chuo na kitambulisho cha NIDA, kisha soma herufi kwa herufi. Asha huku na Aisha kule ni watu wawili machoni pa ofisa wa ubalozi. Tunashauri nyaraka nyingine zote zifuate vyeti vya NECTA, maana hivyo ndivyo vigumu zaidi kubadilisha. Tofauti ikiwa ni kifupisho cha jina la kati tu, kiapo mbele ya wakili kwa kawaida hutosha. Jina likiwa jingine kabisa, tengeneza hati ya kubadili jina na uisajili. NIDA irekebishwe kabla ya pasipoti, kwa sababu maombi ya pasipoti huanza na namba ya NIDA na kosa la huko litakufuata mpaka uwanja wa ndege.

Pasipoti yenyewe ni shilingi 150,000, unaombea mtandaoni na kulipia kwa kontroo namba. Wanaochelewa mara nyingi wamekosa cheti cha kuzaliwa cha mzazi au kiapo cha kukiziba, hasa mzazi aliyezaliwa kijijini Kongwa au Mpwapwa enzi ambazo vyeti havikuwa jambo la kila nyumba. Hilo lishughulikie mapema, wakati hakuna anayekukimbiza.

Transkripti ina mtego wake, nao ni GPA, yaani wastani wa alama zako za chuo. Vyuo vyetu hutumia kipimo cha 5.0: daraja la kwanza ni 4.4 kwenda juu, la pili la juu ni 3.5 hadi 4.3. Fomu nyingi za nje huuliza kipimo cha 4, na mwombaji anazidisha kwa 0.8 kimyakimya. Matokeo yake, namba ya kwenye fomu haifanani na ya kwenye transkripti, na msomaji wa mbali hajui kama ni hesabu au udanganyifu. Andika GPA kama ilivyo, taja kuwa ni kati ya 5.0, na ambatisha ukurasa wa transkripti unaoeleza madaraja. Wageuze wao.

Vyuo vya Ujerumani vina kanuni yao, na unaweza kujipima nyumbani kabla ya kuomba. Chukua alama ya juu ya mfumo wako, toa GPA yako, gawanya kwa tofauti kati ya alama ya juu na ile ya chini ya kufaulu, zidisha kwa 3, ongeza 1. Mwenye 3.8: 5.0 toa 3.8 ni 1.2, gawanya kwa 3.0, maana kufaulu kwetu huanzia 2.0, unapata 0.4, mara 3 ni 1.2, ongeza 1, jibu ni 2.2. Kwa Wajerumani 1.0 ndiyo bora na 4.0 ndiyo mwisho wa kufaulu. Kozi ikisema inataka 2.5 au bora zaidi, huyu amo. Mwenye 3.3 anapata 2.7, basi atafute kozi nyingine badala ya kupoteza mwezi mzima.

Kuhusu Kiingereza, usikimbilie kulipia mtihani wa lugha wa IELTS. Matokeo yake huhesabika kwa miaka miwili tu, na vyuo kadhaa hukubali barua ya chuo chako inayosema ulifundishwa kwa Kiingereza. Soma ukurasa wa kozi kwanza. Wakitaka IELTS, ndipo ulipie.

Nani aombe wapi

Hapa ndipo muda mwingi hupotea, kwa sababu watu huomba kwa umaarufu wa jina badala ya masharti.

Chevening ya Uingereza ni nzuri mno: ada, posho, tiketi, viza. Lakini inadai saa 2,800 za kazi, sawa na miaka miwili hivi, na ahadi ya kurudi nyumbani kwa miaka miwili. Aliyemaliza UDOM au St John's mwaka huu bila kazi ya maana aiache kwa sasa. Yeye aelekee Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya, ambayo hailazimishi uzoefu wala haina ukomo wa umri, na hata aliye mwaka wa mwisho anaweza kuomba. Programu zake nyingi hufungua kati ya Oktoba na Januari, na mwenye ufadhili hupata euro 1,400 kwa mwezi hadi miezi 24. Commonwealth Shared nayo imelengwa kwa wasiojiweza kulipia masomo ya Uingereza, na wengi hawaijui.

Watumishi wa wizara na taasisi zilizohamia Dodoma wana mlango ambao naona hawautumii ipasavyo: kozi za maendeleo za DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, zinazoitwa EPOS. Masharti yake ni kama yaliandikwa kwa ofisa wa Mtumba, kwenye Mji wa Serikali: angalau miaka miwili ya kazi baada ya shahada, shahada isizidi miaka sita tangu uipate, na barua ya mwajiri. Hesabu hiyo ya miaka sita huwakata wengi. Mtu anasubiri apandishwe cheo kwanza, akija kushtuka shahada imefika mwaka wa saba. Tena ruhusa ya masomo kwa mtumishi haiji kwa wiki moja, basi barua ya kumwomba mwajiri ruhusa itangulie maombi yenyewe.

Kwa kidato cha sita, Uturuki ndiyo inayohitaji haraka. Türkiye Bursları kwa kawaida hufunguliwa 10 Januari na kufungwa 20 Februari. Shahada ya kwanza inataka uwe chini ya miaka 21, wastani wa asilimia 70, na kwa udaktari na fani za afya asilimia 90. Mwanafunzi wetu hufanya mtihani Mei na matokeo hutoka Julai. Akisema asubiri matokeo ndipo aombe, dirisha linalofuata litamkuta ameongeza mwaka, na wengine umri umeshawatupa nje. Aombe Januari akiwa bado shuleni, kwa matokeo aliyo nayo. China ina nafasi zaidi ya umri: chini ya 25 kwa shahada ya kwanza, chini ya 35 kwa uzamili.

Ufadhili wa kiserikali, kama wa China na Hungary, hupitia pia Wizara ya Elimu. Kosa linalojirudia ni kujaza upande mmoja tu. Unatakiwa ujaze mfumo wa nchi mfadhili na pia upeleke maombi wizarani kwa namna tangazo linavyosema, maana nchi mfadhili husubiri majina kutoka kwa serikali yako. Maombi yaliyojazwa vizuri mtandaoni, lakini jina halimo kwenye orodha ya wizara, hayaendi popote. Wa Dodoma hana sababu ya kukosea hapa. Mtumba ni daladala tu.

China ina fomu ya afya inayostahili aya yake. Bandika picha, na muhuri wa hospitali upite juu ya picha, nusu kwenye picha nusu kwenye karatasi. Daktari asaini, na vipimo vyote viwe vimejazwa. Fomu yenye muhuri pembeni tu ni batili, imeandikwa hivyo kwenye fomu yenyewe, na bado kila mwaka zinapelekwa. Inadumu miezi sita, basi usipime mapema kupita kiasi.

Nusu ufadhili ni hesabu ya kweli

Barua ya chuo cha Uingereza inasema umepata ufadhili wa pauni 5,000. Familia inashangilia. Ada ya kozi ni pauni 22,000, kwa hiyo bado 17,000. Ongeza ada ya huduma ya afya, pauni 776 kwa mwaka, ada ya viza, na pesa ya kuishi hadi miezi 9 ambayo lazima ionekane benki kwa siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango. Ile desturi ya kukopa kwa ndugu, kuweka wiki moja, kuchukua taarifa ya benki na kurudisha, hufanya viza ikataliwe.

Ujerumani, kinyume chake, vyuo vingi vya umma havitozi ada hata bila skolashipu, isipokuwa jimbo la Baden-Württemberg linalotoza euro 1,500 kwa muhula kwa wasio wa Ulaya, na vyuo vichache vingine. Kikwazo ni akaunti ya zuio, euro 11,904 kwa mwaka, ambayo unaiweka kabla ya viza na kuchota euro 992 kila mwezi. Familia yenye shamba la zabibu au duka la jumla ikilinganisha hizo mbili, Ujerumani bila ufadhili inaweza kuwa rahisi kuliko Uingereza yenye nusu ufadhili.

Barua

Barua nyingi za motisha, yaani za kueleza kwa nini unataka kozi hiyo, zinafanana: "Tangu utotoni nimependa kuisaidia jamii yangu." Msomaji ameshaiona sentensi hiyo mara mia kabla ya chai. Linganisha na hii: "Jiji la Dodoma hutegemea zaidi visima vya Makutupora, na wakazi wameongezeka haraka tangu serikali ihamie. Nataka kusoma haidrolojia ya maji ya ardhini ili nijue visima hivyo vinaweza kuvutwa kwa kiasi gani bila kukaushwa." Hapo kuna mahali, tatizo, na sababu ya kozi hiyo na si nyingine. Mtu wa Singida ana alizeti, wa Kongwa ana mifugo. Kisha taja somo moja au mawili ya kozi hiyo kwa jina lake. Barua isiyotaja kitu chochote cha kozi inaonyesha kwamba imetumwa vyuo kumi.

Wadhamini wako, yaani wahadhiri au mabosi watakaokuandikia, wape wiki nne na wape malighafi: transkripti, wasifu wa kurasa mbili, kiungo cha kozi, na mistari mitano ya mambo uliyofanya chini yao. Mhadhiri mwenye darasa la wanafunzi 300 hakukumbuki, na usipompa kitu ataandika kwamba una nidhamu na unawahi darasani. Waombe watumie barua pepe ya taasisi, maana ya gmail hutiliwa shaka. Vyuo vingi humtumia mdhamini kiungo moja kwa moja, nacho huangukia kwenye folda ya spamu. Mpigie simu siku hiyohiyo: "Mwalimu shikamoo, kuna ujumbe umetumwa, naomba uangalie na kwenye spamu." Hataona ni usumbufu.

Angalia saa pia. Tangazo likisema saa 12:00 mchana za Uingereza, mwanzoni mwa Oktoba hiyo ni saa 8 mchana kwetu. Novemba, wakisharudisha saa nyuma, ni saa 9. Saa 23:59 za Ujerumani wakati wa baridi ni saa 7:59 usiku hapa. Wapo waliosoma 12:00 wakaielewa kama saa 12 jioni. Tuma siku tatu kabla. Siku ya mwisho mfumo huelemewa, na kama umeme ukikatika Ng'ong'ona hutapata wa kumlalamikia.

Kuhusu mawakala: Chevening, Commonwealth, DAAD na Türkiye Bursları hazitozi ada ya kuomba. Anayekuomba "pesa ya faili" kwa hizo anakula pesa yako. Zipo ada halali, lakini hizo ni za vyuo au mifumo ya udahili, kama uni-assist ya Ujerumani yenye euro 75 kwa ombi la kwanza na 30 kwa kila linalofuata. Nazo hulipwa kwao moja kwa moja, si kwa namba ya simu ya mtu.

Ukipata, bado usiuze kitanda. Anayekwenda shahada ya kwanza aulizie TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, kuhusu cheti cha kutokuwa na pingamizi na kama chuo chenyewe kinatambulika, maana shahada isiyotambulika itakusumbua ukirudi kuomba kazi. Uingereza inadai kipimo cha kifua kikuu kwa masomo ya zaidi ya miezi sita, na lazima kifanyike kliniki waliyoiidhinisha Dar es Salaam. Hospitali nyingine haikubaliki hata ikiwa kubwa. Safari hiyo panga pamoja na miadi ya viza. Treni ya SGR ilipoanza kuja Dodoma mwaka 2024 nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 31,000, kwa hiyo safari mbili zisizo za lazima tayari ni pesa. Tiketi ya ndege ndiyo huwashtua watu mwishoni. Ufadhili wa China kwa kawaida haulipii, na zile euro 1,400 za Erasmus zimeshajumuisha nauli na viza ndani yake, halafu malipo ya kwanza mara nyingi huja ukishafika na kufungua akaunti. Tafuta pesa ya tiketi na ya mwezi wa kwanza mara tu barua ya ufadhili inapofika, wakati ndugu bado wana furaha ya kuchangia.