Mtaimbo wa kung'olea fremu ya mlango

Ndugu, huo mtaimbo wa mita moja na nusu unaotaka kung'olea fremu za mbao uache, ni wa kuchimbia mashimo na kusukumia mawe. Plasta yote itaondoka nao. Tafuta mfupi, bapa, wa sentimita 40 hivi, wenye ncha nyembamba na mdomo wa kung'olea misumari. Chini ya kisigino chake, yaani pale kilipojipinda na kuegemea ukuta, weka kipande cha ubao, maana uzito wote hutua pale na tofali hupasuka. Fremu ikigoma kutoka, usichomeke bomba kurefusha mpini. Kuna msumari umejificha, ukate kwa msumeno wa chuma. Miwani uvae, na uso usiuweke juu ya mpini. Nyusi yangu ina alama mpaka leo.