Shangazi, kaka ataka kaseti za mama zitiwe moto

*Shangazi,*

*Mama yetu amefariki hapa Lamu mwezi uliopita, umri wake umepita miaka 90. Alizaa tisa, akazika watatu. Asubuhi alisomesha watoto wa mtaa juzuu ya Amma, na usiku wa harusi yeye ndiye aliyeongoza vugo, ile ngoma ya wanawake inayopigwa kwa pembe. Ameacha bati la biskuti lenye kaseti 11, daftari la nyimbo kwa herufi za Kiarabu, na pembe yake. Kaka mkubwa asema vyote vichomwe, mama asije akasumbuliwa kaburini. Binti yangu aliye Mombasa ataka kuzitia kaseti mtandaoni. Mimi nimepewa kazi ya kuandika maneno ya kumkumbuka, yasomwe kwa wanawake siku ya arubaini. Nimeandika ibada zake tu ili kaka asikasirike, na kila nikisoma naona nimemwandika mtu mwingine. Nifanyeje?*

*Binti wa Mkomani*

*Nimesahau: mama akisikia adhana aliweka pembe chini hata wimbo ukiwa katikati. Huifunika kwa leso, akaswali, kisha akarudi kuanzia pale pale alipoachia.*

Mwanangu, poleni na msiba. Mola amrehemu mama, na nyinyi awape subira.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikifika chini ya jina lako nacheka. Umemtafuta mama karatasi nzima, kumbe umemweka kwenye "nimesahau". Chana ulichoandika. Anza na pembe iliyofunikwa leso. Wanawake watakaokuwa wamekaa hapo mkekani walimwona akifanya hivyo kwa macho yao, na ukiwasomea mama wa ibada tupu watakutazama tu kwa adabu. Wala usiogope kuwataja wale watatu aliowazika. Sema aliimba harusi ya nani baada ya kuwazika, na ilimchukua muda gani kurudi. Hayo unayajua wewe, mimi siyajui.

Kaka yako usimfanye adui. Mwanamume akifiwa na mama hutafuta jambo la kumfanyia, naye ameliona hilo la moto. Anamwogopea. Mimi si mtu wa kutoa fatwa, basi na aende kwa sheikh anayemwamini, nawe mfuatane, uketi upande wa wanawake usikie kwa masikio yako. Maneno ya sheikh yakipitia mdomo wa mtu mmoja hufika nyumbani ama yamekonda ama yamenona. Ila mkumbushe kwa upole kwamba mabishano ya ngoma na dini mjini kwenu ni ya zamani kuliko nyote. Habib Swaleh, yule mwanachuoni wa Lamu, alipoleta Maulidi ya Habshi yasomwayo kwa matari, wapo wakubwa wa mji walionuna. Leo kila Mfungo Sita, mwezi wa maulidi, watu wanapanda mabasi na mashua kuja msikiti wa Riyadha kusikia matari hayo hayo. Silinganishi maulidi na vugo, na mama yenu naye asingelinganisha, ndiyo maana pembe ilikuwa na leso yake. Jambo moja zaidi: bati lile ni mali ya marehemu na warithi ni wengi. Hakuna mmoja mwenye ruhusa ya kulitia kiberiti peke yake.

Nitakayemkaripia zaidi ni mwanao wa Mombasa. Ana nia njema, lakini ajiulize mle ndani mna sauti za nani. Mama yako hakuimba peke yake. Aliitikiwa na wanawake kumi, ishirini, usiku, wanawake peke yao, wakirushiana mafumbo kuhusu mume wa fulani na mke mwenza wa fulani. Baadhi yao leo ni nyanya za watu na hawajamwambia mtu kwamba siku hizo waliwahi kuimba hivyo. Nani amewauliza? Aliyeimba mlango umefungwa hakuruhusu mlango ufunguliwe kwa dunia nzima. Walio hai waombwe ruhusa mmoja mmoja, na waliotangulia waulizwe watoto wao wa kike. Kaseti itakayokosa ruhusa ibaki ya nyumbani.

Kabla ya hayo yote ziokoe, kwani unyevu wa bahari hauna huruma. Kila kaseti ina vijino viwili vya plastiki nyuma, ule upande ambao utepe hauonekani. Vivunje, basi hakuna atakayerekodi juu yake kwa bahati mbaya. Nayasema haya kwa uchungu: kaseti pekee ya nyanya yangu kaka yangu aliirekodia mpira. Timu yenyewe ilifungwa. Ukiona ukungu mweupe kwenye utepe usiitie redioni, mtafute fundi kwanza. Zilizo safi zizungushe pole pole kwa penseli ziende mbele na kurudi, halafu zirekodi kwenye kompyuta, na nakala zikae nyumba mbili tofauti. Kaseti ya dakika 60 ni nusu saa kila upande, kwa hiyo hata zote 11 ni kazi ya siku chache.

Daftari je? Mpelekee mzee anayesoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na umpelekee mwezi huu. Mwana Kupona wa Pate alimtungia binti yake utendi mwaka 1858, akiwa mgonjwa, na umetufikia kwa sababu watu waliunakili kwa mkono. Wangekuwa na kaka kama wako, sijui tungesoma nini. (Hilo usimwambie.)

Siku ya arubaini iwe ya hitima. Juzuu 30 zigawanywe, zisomwe, maneno yako yasomwe, watu wale, waondoke. Usipige kaseti hata moja siku hiyo. Mpe kaka yako heshima hiyo, haikugharimu kitu. Wiki inayofuata waite wale wazee walioitikia na mama, uwawekee kahawa na halua, ufunge mlango, kisha uwashe. Kaa na kalamu. Watakutajia huyu ni nani, harusi ya nani, nyumba gani, na watagombana, nawe andika hata ugomvi.

Kabla hujafika huko, kagua maandishi juu ya kila kaseti. Kama kuna ya harusi ya kaka yako mwenyewe, hiyo usiipige mbele ya mtu. Mtilie kwenye bahasha, umpe mkononi, umwachie na redio.