Dar hadi Mwanza kwa ndege: usihesabu saa za hewani peke yake

Shemeji yangu alifika uwanja wa ndege saa nne asubuhi, suti imepigwa pasi, kifua mbele, maana safari hii hakuna wa kumwambia kachelewa. Tiketi ilisomeka 06:20. Yeye akaelewa saa sita na dakika ishirini mchana. Alipokuwa anauliza foleni ya Mwanza iko wapi, wenzake walikuwa wameshafika huko na pengine kumaliza chai.

Tukacheka, lakini nauli ilikwenda na maji. Tangu siku hiyo, nikimkatia mtu tiketi namwandikia kwa kalamu pembeni: "saa 12:20 ALFAJIRI." Na ukiona 00:30, angalia tarehe mara mbili. Hiyo ni saa sita na nusu usiku wa kuamkia tarehe iliyoandikwa, kwa hiyo uwanjani unakwenda jioni ya siku iliyotangulia.

Sasa umbali. Kwa mstari ulionyooka, Dar hadi Mwanza ni kama kilomita 850. Kwa barabara inayopita Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga ni zaidi ya 1,100. Ndiyo maana basi likitoka Mbezi saa kumi na mbili asubuhi, wewe andaa shingo yako mpaka usiku mwingi. Ndege ya jeti huchukua kama saa moja na nusu. Ukipangiwa ile ya mapangaboi ongeza nusu saa hivi, kwa sababu mwendo wake ni mdogo. Na kama inapitia Kilimanjaro kwanza, hesabu yote imevunjika. Soma tiketi vizuri kabla hujalipa.

Lakini mimi sisafiri kutoka uwanja hadi uwanja. Nakaa Kimara. Kwa ndege ile ya 06:20 natoka nyumbani saa tisa na nusu usiku, maana dirisha la mizigo hufungwa mapema na halijui kwamba bodaboda ilipata pancha. Tunatua saa mbili kasoro robo. Nisubiri begi, nipatane na dereva wa teksi (bei ya kwanza usiikubali hata siku moja), halafu mjini kuna kama kilomita kumi. Nikikaa kwenye kiti cha mwenyeji wangu ni saa tatu. Jumla ni saa tano na nusu nzima, na hewani nimekaa moja na nusu tu. Ndege ya mchana ni mbaya zaidi: foleni ya Buguruni na Tazara inaweza kukulia muda kuliko safari ya kuvuka nusu ya nchi.

Hata hivyo, kwa msiba au mgonjwa, panda ndege. Kama unakwenda kusalimia tu na una magunia ya zawadi, panda basi; lenyewe halikusumbui kwa kilo kama ndege.

Wanaovuka kwenda Sengerema wana nafuu. Zamani nilikuwa nawaambia waongeze muda wa kusubiri kivuko pale Kigongo, na hakuna aliyeweza kusema ni muda gani. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025, ziwa unalivuka ukiwa umekaa kwenye gari. Shemeji alilivuka mwezi uliopita. Alikwenda kwa basi.