Kwa mnaoanza kutafuta watoto waliozaliwa wafu

Ripoti nyingine imefika mezani ikiwa na maneno yaleyale: "Faharasa zote zimepekuliwa, mtoto huyu hakuwepo." Wapendwa, najua mnavyokesha kwenye kazi hii, lakini maneno hayo yanaumiza watu na mara nyingi si kweli. Nazungumzia England na Wales, ndiko mnakopewa kazi nyingi.

1. Tarehe kwanza. Usajili wa vizazi na vifo ulianza Julai 1837, ila waliozaliwa wafu hawakuwa na rejesta yao hadi 1 Julai 1927. Scotland ilingoja hadi 1939, Ireland ya Kaskazini hadi 1961.

2. Rejesta hiyo haina faharasa iliyo wazi kwa umma. Cheti huombwa GRO, yaani Ofisi Kuu ya Usajili, na mama au baba. Wakiwa wamefariki wote, ndugu wa mtoto huyo anaweza kuomba akitaja tarehe za vifo vyao. Kwa hiyo kabla ya fomu, ulizeni ni nani bado yu hai.

3. Hapa tulieni. Kijana mmoja niliyemfundisha, hodari kwelikweli, ameniruhusu nisimulie lililompata. Bibi mmoja alikuwa akimtafuta kaka yake aliyezaliwa mfu mwaka 1924. Mama yao alikuwa akimtaja mtoto huyo kila mwaka, mwezi uleule. Kijana akapekua vizazi, akapekua vifo, akapitia ubatizo wa parokia. Hakuna. Akamwandikia bibi, kwa adabu zote, kwamba huenda mama alichanganya kumbukumbu. Bibi akaiamini barua kuliko kauli ya mama yake, akamwambia binti yake mambo hayo yaachwe.

Kwamba rejesta ilianza 1927 kijana alijua vizuri, angeamshwa usiku angeutaja mwaka huo. Lakini jedwali lake la kazi lilikuwa na safu mbili tu, kizazi na kifo, naye akazijaza zote mbili "hakuna" na kufunga faili. Aliniambia kinachomsumbua mpaka leo ni kwamba alimpokonya mtu ndugu yake kwa karatasi. Na mtoto alikuwa ameandikwa muda wote huo, kwenye rejesta ya mazishi ya makaburi ya manispaa: jina la baba, maelezo kwamba alizaliwa mfu, namba ya kaburi la pamoja. Sheria ya 1874 ilimkataza msimamizi wa makaburi kumzika mtoto wa namna hiyo bila cheti cha daktari, tamko lililotiwa saini au amri ya mchunguzi wa vifo. Ndiyo maana makaburini kunaweza kuwa na maandishi pale ambapo msajili hana hata mstari. Kijana alikwenda kuomba radhi mwenyewe. Bibi alichukua muda mrefu kuiamini barua ya pili, iliyomweleza hayo, na sikumlaumu.

4. Basi anzieni kwenye rejesta za mazishi, si kwenye mawe ya makaburi. Wengi walizikwa makaburi ya pamoja, wengine pamoja na mtu mzima asiyekuwa na udugu nao. Parokia ikiwa kimya msishangae: Kitabu cha Sala cha 1662 kilikataza ibada ya mazishi kwa aliyekufa bila ubatizo.

5. Sensa ya 1911 iliuliza watoto waliozaliwa hai. Hesabu ya pale haimkanushi aliyezaliwa mfu. Hata hivyo fungueni fomu yenyewe, wapo wazazi walioandika majina ya watoto waliofariki na karani akayakata.

6. Aliyepumua hata mara moja alipaswa kusajiliwa kwenye vizazi na kwenye vifo. Tafuteni umri sifuri, na asiye na jina. Kwa aliyezaliwa mfu, mpaka wa kisheria wa kusajiliwa ulikuwa wiki 28 za mimba, ukashuka hadi wiki 24 mwezi Oktoba 1992. Aliyezaliwa mfu wiki ya 26 mwaka 1970 hamtampata kwenye rejesta ya waliozaliwa wafu, msimtume mama yake kuuliza.

7. Na mama akiwa hai, kazi hii ni yake kabla haijawa yenu. Kwa miaka mingi hospitali zilisimamia mazishi bila kuwaambia wazazi mtoto amezikwa wapi, kwa hiyo msimwulize kwa nini hakufuatilia. Mwelezeni kwamba Sands, shirika lililoanzishwa 1978, husaidia wazazi kutafuta makaburi hayo, kisha aamue mwenyewe kama mwendelee.