Nilipata kikokotoo cha zamani na bado niliumwa

Mdogo wangu umeuliza, mzee wako kastaafu mwaka jana, sasa hatoki, usiku halali, mchana anasinzia kwenye kochi, mkimsemesha anafoka, na ndugu wanasema ni hasira za kikokotoo tu, yaani ile hesabu ya mafao ya kustaafu, zitapita. Mimi mwalimu mstaafu wa primari, Morogoro, ngoja nikujibu kwa yaliyonikuta, itakuwa ndefu mnivumilie.

Kikokotoo tukimalize kwanza. Mimi nimetoka mwanzoni mwa 2021, kwa hiyo niliwahi ile asilimia 50 ya mkupuo, yaani mafao unayolipwa kwa pamoja siku unatoka, kabla haijageuzwa Julai 2022 kuwa 33, hii ya 40 imekuja na bajeti ya 2024. Waliokatwa wana haki ya kulalamika, mtu kapiga hesabu ya kumalizia nyumba miaka yote halafu anaambiwa nyingine utaipata kidogo kidogo kila mwezi. Ila mimi iliingia milioni 60 na ushee, na pensheni ya mwezi laki tatu na nusu juu yake, na bado niliumwa, tena niliumwa hela ikiwa bado ipo benki. Ndo maana nakwambia usikimbilie kwenye hela.

Kilichoniua ni asubuhi. Miaka 30 na zaidi naamka saa kumi na moja, napiga pasi shati, saa moja kasoro nipo getini na fimbo nasubiri wachelewaji. Nyumba yangu haiko mbali na shule, kengele yetu ni rimu ya gari imening'inizwa kwenye mwembe, ikigongwa naisikia kitandani. Wiki ya kwanza unafurahi, unajigeuza unalala. Mwezi wa tatu ikigongwa moyo unaenda mbio kama nimechelewa, nakaa kitandani nimeshavaa shati, kalamu nyekundu mfukoni, sina pa kwenda. Mama watoto ana genge lake, yeye yuko bize, mimi nashinda nyumbani namuuliza mbona nyanya zimepungua, mbona mkaa umeisha, akaniambia mume wangu hapa hakuna darasa. Nilinuna siku nne, leo nacheka lakini siku ile nilijiona sina kazi duniani.

Halafu mkupuo nao una maudhi yake, ndugu uliowasahau wanakupigia shikamoo. Mpwa wangu nikampa ya pikipiki arudishe kidogo kidogo, akarudisha mara mbili akabadilisha namba. Nikanunua kuku wa mayai 500, ugonjwa wa mdondo ukapita ndani ya wiki, tulikuwa tunazoa mizoga kwa viroba. Kosa langu, nilianza kufuga siku niliyopata hela, sijawahi kufuga hata njiwa. Baada ya hapo simu zikakata na mimi nikaacha kula vizuri, kilo zikashuka, watoto wakadhani sukari.

Kilichonisaidia sikukitafuta. Nilienda kupima presha, bima ya afya ya taifa, NHIF, mstaafu anaendelea nayo yeye na mwenza wake kwa hiyo muulize mzee kama kadi yake iko sawa, daktari kijana kabisa akaacha kuandika akaniuliza mzee unalala? Sikumjibu, machozi yalinitoka mbele ya mtoto niliyeweza kumfundisha. Akaniambia hii inaitwa sonona, ni ugonjwa kama presha, ina dawa na ina mazungumzo. Mimi kichwani nilikuwa nishafika Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma, unajua sisi wa zamani ukisikia akili unajiona umefungwa kamba kwenye basi la Dodoma. Wapi, nilimeza vidonge miezi kadhaa, narudi kuongea naye kila baada ya wiki mbili, nalala kwangu. Wiki za mwanzo dawa hazikufanya kitu nikataka kuacha, mama watoto akawa ananihesabia.

Nusu nyingine ilitoka dukani kwa Mpemba wa mtaani kwetu. Nilikuwa naangalia daftari lake la madeni, nikaona kajumlisha vibaya kanizidishia elfu nne, nikatoa kalamu nyekundu nikamsahihishia ukurasa mzima. Alicheka sana, kesho yake akaniita nimsaidie hesabu za mwezi, kina mama wa kikoba wakasikia wakaniomba niwe mwandishi wao. Posho yenyewe haifiki popote, ila Jumamosi saa tisa nikichelewa napigiwa simu niko wapi.

Kwa hiyo kwa mzee wako, kadi ya benki msimnyang'anye hata kama mnaona anaharibu, kaeni naye, ukishachukua kadi umemwambia ameisha. Usimwambie apumzike, hicho ndicho kinachomuumiza. Mpeleke kwa gia ya presha, ukifika mwambie daktari pembeni habari ya usingizi na kufoka. Angalia na pombe. Na akianza maneno ya bora nife niwapunguzie mzigo, au anagawa vitu vyake bila sababu, usingoje kikao cha familia, siku hiyohiyo hospitali na usimwache peke yake.

Hujasema alikuwa idara gani. Kama ni fundi au dereva au mhasibu tuambie, maana mtu wa ofisini na wa karakana hawainuliwi kwa kazi moja.