Jiki tunatumia kila siku, mbona watoto bado wanaharisha?

SWALI: Naendesha kituo cha kulelea watoto wadogo hapa Morogoro, wapo 28. Kila asubuhi na jioni tunapiga deki kwa jiki. Tunaweka robo lita kwenye ndoo ya lita 20 yenye maji ya moto na sabuni ya unga, tunaanzia chooni, tunamalizia jikoni. Meza ya kubadilishia nepi na midoli tunafuta kwa kitambaa tulichochovya humohumo, halafu tunakausha papo hapo. Pamoja na hayo yote, mwezi haupiti bila watoto watatu wanne kuharisha. Kuna kijana anatushawishi tumlipe apulizie dawa jengo zima kila wiki. Mwenzangu naye anasema tuachane na jiki tutumie spiriti. Tumsikilize nani?

JIBU: Dada yangu, asante kwa kunitajia vipimo. Wengi huniandikia "tunaweka jiki kidogo", nami nabaki kukisia. Robo lita naweza kuipigia hesabu.

Jiki nyingi za madukani zina sodiamu haipokloraiti, yaani ile dawa yenye klorini, ya asilimia 3.5, nyingine hufika 5. Tuseme yako ni 3.5. Robo lita ikiingia kwenye lita 20, nguvu inashuka hadi kama asilimia 0.04. Kwa meza, vitasa na midoli tunahitaji 0.1. Kwa hiyo ulianza siku ukiwa na chini ya nusu ya dawa unayoihitaji, na hiyo nusu yenyewe hukuitumia. Maji ya moto huivunjavunja klorini kabla haijafanya kazi. Sabuni nayo, usipojua imetengenezwa kwa nini, si ya kuchanganywa na jiki. Kisha ndoo ikaanzia chooni! Klorini haibagui: ikikutana na kinyesi, mkojo, matapishi au tope inamalizikia hapo. Mlipofika jikoni mlikuwa mnapaka maji ya choo yenye harufu ya jiki.

Na harufu isikudanganye. Ule mnuko mkali wa bwawa la kuogelea, kwa sehemu kubwa, unatokana na klorini iliyokwisha kuungana na jasho na mkojo wa waogeleaji. Pua haipimi dawa.

Kwa hiyo gawanyeni kazi mara mbili. Kwanza sabuni na maji: sugua, suuza, ondoa uchafu wote unaoonekana. Hatua hii watu huiona ya kienyeji, lakini mimi ningelazimika kuchagua moja kati ya sabuni na jiki kwa kituo chako, ningechagua sabuni. Vipo vimelea vya kuharisha ambavyo klorini ya kiasi hiki haiviui kabisa. Kriptosporidiamu ni kimojawapo, na mayai ya minyoo ya askaris nayo ni hivyo hivyo. Hivyo haviuliwi, vinasuguliwa na kumwagwa.

Sehemu ikishakuwa safi ndipo jiki inapofuata, katika ndoo nyingine, kwa maji ya baridi. Hesabu yake ni rahisi: chukua asilimia iliyoandikwa kwenye lebo, igawanye kwa asilimia unayoitaka, kisha toa moja. Utakachopata ni vipimo vya maji kwa kipimo kimoja cha jiki. Kwa jiki ya 3.5 ukitaka 0.1, unapata 34. Kwa vitendo, mililita 300 kwenye lita 10 za maji zinatosha. Palipotapikwa, palipomwagika damu au kinyesi, tumia 0.5, yaani kikombe kimoja cha jiki kwa vikombe sita vya maji. Chupa isiyo na lebo, hasa ile jiki ya kupimiwa kwenye chupa za maji ya kunywa, usiinunue. Hujui nguvu yake, na mtoto wa miaka miwili haoni tofauti yake na maji.

Sasa kosa ninaloliona kila kituo ninachokwenda kukagua, zahanati zikiwemo: kufuta na kukausha papo hapo. Dawa inaua ikiwa bado mbichi juu ya kitu. Ukiikausha baada ya sekunde tano umeifuta kazi yake. Lowanisha meza mpaka ing'ae maji, iache dakika 10, na ikikauka kabla ya muda huo rudia kuilowanisha. Huku kwetu penye joto na feni, hukauka upesi kuliko unavyodhani, kwa hiyo tumia saa. Baada ya hapo suuza kwa maji safi. Midoli lazima isuuzwe, kwa sababu mnajua inakoishia: mdomoni. Vivyo hivyo na ubao wa kukatia mboga. Midoli ya manyoya haitakasiki kwa njia hii, inafuliwa na kuanikwa juani, au iondoke. Na ile godoro ya meza ya nepi, kama raba yake imechanika na sponji inaonekana, hakuna dawa itakayoifikia ndani. Badilisha raba.

Mchanganyiko utengenezwe upya kila siku, na ukichafuka kabla ya jioni umwagwe. Jua na joto huula, hivyo chombo kiwe na mfuniko na kisipitishe mwanga. Vitambaa viwe vya rangi tofauti: cha choo kisionekane jikoni hata siku moja. Anzeni jikoni, malizieni chooni. Dekio lifuliwe na lianikwe, lisilale ndani ya ndoo, maana dekio bichi la usiku kucha ni shamba la vijidudu. Sakafu, kwa maoni yangu, sabuni na maji vinatosha siku za kawaida, isipokuwa chumba cha wanaotambaa, ambacho ningekipitisha 0.1 kila jioni. Jiki mnayoimwaga kwenye korido ipelekeni kwenye vitasa, mabomba, poti na meza ya nepi.

Mwenzako wa spiriti hajakosea sana, ila spiriti ina mahali pake. Ya asilimia 70 inafaa kwa vitu vidogo vilivyo safi kama kipimajoto au simu, na ni bora kuliko ya 95, kwa kuwa alkoholi inahitaji maji kidogo ili iharibu protini za kijidudu, na ile kali mno huruka hewani mapema. Lakini virusi vya noro, ambavyo huharisha na kutapisha watoto kwa makundi, havisumbuliwi sana na alkoholi. Isitoshe, inashika moto, na jiko lenu liko jirani.

Kijana wa kupulizia, mwambieni asante. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi mwaka 2020, wakati wa korona, kwamba kupulizia dawa vyumbani kama utaratibu wa kawaida hakushauriwi. Ukungu hauondoi uchafu, haufiki pembeni na chini ya vitu, na unaingia vifuani mwa watoto. Wala si somo jipya. Joseph Lister, daktari aliyeanzisha upasuaji wa kutumia dawa za kuua vijidudu, alikuwa akipulizia asidi ya kaboliki hewani wakati wa upasuaji, na mwaka 1890 alikiri mbele ya madaktari wenzake, Berlin, kwamba anaona aibu kuwahi kuipendekeza.

Jambo moja la usalama. Jiki isikutane na dawa ya choo yenye asidi, siki, wala kitu chenye amonia. Nikiwa mwanafunzi nilimwaga jiki juu ya asidi ya kusafishia choo, ndani ya choo kisicho na dirisha, nikidhani mbili ni bora kuliko moja. Ile ni gesi ya klorini. Nilitoka nikitambaa, nikakohoa siku mbili. Poti yenye mkojo nayo imwagwe na isuuzwe kabla ya kutiwa jiki. Wadada wavae glovu, madirisha yawe wazi, na watoto wawe nje.

Nimekuachia la mwisho lililo kubwa. Ukirekebisha yote haya na kuharisha kukaendelea, usiongeze jiki. Tazama mikono: anayebadilisha nepi ananawa kwa sabuni kabla hajamgusa mtoto mwingine? Ndiye huyo huyo anayekoroga uji? Kama ndiye, badilisheni zamu kesho. Tazama tangi la maji, lilioshwa lini, na umwombe afisa afya wa kata achukue sampuli. Mtoto anayeharisha abaki nyumbani mpaka saa 48 zipite tangu choo cha mwisho cha maji. Wazazi watanung'unika, najua, ila huyo mmoja akija mapema, wiki ijayo mtakuwa na wanne. Na mtoto akitoa damu kwenye choo, au macho yakididimia, asisubiri mzazi atoke kazini. Apelekwe kituo cha afya saa hiyo hiyo.